Siku Nzima Garini na Bosi

Tangu treni ya umeme ianze kubeba abiria hadi Dodoma katikati ya mwaka 2024, wafanyakazi wengi wa Dar es Salaam wamepumua. Safari ya kikazi iliyokuwa ikimaliza siku ubavuni kwa mkurugenzi sasa ni saa chache ndani ya behewa, kila mtu na siti yake, na mwenye akili hukata tiketi ya behewa jingine. Lakini reli hiyo haifiki Iringa, wala Njombe, Songea au Mbeya. Huko bado ni Land Cruiser ya ofisi, dereva, bosi na wewe. Dar hadi Mbeya ni kilomita mia nane na ushee, unaondoka alfajiri unafika giza limeshaingia. Mwongozo huu ni wako wewe uliyepigiwa simu jana jioni ukaambiwa, "Kesho unaondoka na bosi."

Kwanza ondoa kichwani wazo kwamba una kazi ya kumchangamsha. Huna. Wengi hupanda gari wakihofu kwamba wakinyamaza wataonekana wajinga au wana kiburi, basi wanaanza kuongea Ubungo, na wakifika Kibaha wameshamaliza habari zote walizonazo, pamoja na zile ambazo hazikupaswa kutoka. Bosi naye ameamka saa tisa usiku. Mara nyingi gari ndilo mahali pekee ambapo hakuna anayemgongea mlango akiwa na faili la kusainiwa. Akinyamaza anapumzika, hajakukasirikia. Isitoshe, barabara ya Mbeya ina mpangilio wake: kuna vipande vinavyoleta maongezi bila mtu kuyatafuta, na kuna vipande vinavyofunga midomo ya wote waliomo. Ukiujua mpangilio huo, hutahangaika kubuni la kusema.

Maandalizi yanaanza usiku wa jana yake, na yanaanza kwa dereva. Mpigie yeye, usimsumbue bosi. Muulize tunaondoka saa ngapi kweli, kwa sababu kuna mabosi ambao saa 11 yao ni saa 11 na wengine ambao saa 11 yao ni saa 12 na nusu. Muulize bosi hukaa siti ipi, hupenda redio au kimya, husimama wapi kula. Dereva amezunguka naye nchi nzima na anajua mambo ambayo hata katibu muhtasi hayajui. Ukimkuta ni mtu wa umri wa baba yako, shikamoo inatangulia na jina lake linaanzwa na Mzee. Vijana wenye shahada zao huteleza hapa: wanamsalimia bosi kwa kuinama, kisha wanamtupia dereva begi. Mkishafika na wewe umeshaingia chumbani kwako, bosi atamuuliza dereva, "Huyu kijana unamwonaje?" Jibu litakuwa limeshaiva tangu asubuhi.

Siti usijichagulie. Usukani wetu uko kulia, kwa hiyo bosi ana mahali pawili: mbele kushoto, kama anapenda kuona barabara na kunyoosha miguu, au nyuma kushoto, kama anafuata itifaki. Simama pembeni mpaka akae. Akikaa mbele, wewe wa nyuma umepata bahati, unaweza kusinzia bila kuonekana. Akikaa nyuma, wewe unakwenda mbele, na siti ya mbele si ya starehe. Anayekaa pale halali. Anamfungulia dereva maji, anapokea simu yake, anaangalia alama za kilomita 50 kwa saa zinapoanza na zinapoishia vijijini, maana trafiki wenye tochi hukaa palepale mtu anapojisahau. Na dereva akianza kupiga miayo, ni kazi yako kumpigisha stori. Hapo hata maneno yasiyo na maana yana faida.

Begi liwe moja na dogo. Chukua sweta hata kama Dar kuna joto la kuchemsha maji, kwa sababu ukifika Makambako mwezi Juni au Julai utaelewa. Chaja, maji, tangawizi kama kichefuchefu hukusumbua, na kama kinakusumbua sana mwambie dereva mapema. Mayai ya kuchemsha, samaki wa kukaanga na chochote chenye vitunguu vingi viache nyumbani. Gari lenye kiyoyozi na vioo vilivyofungwa halisahau harufu.

Kutoka Kibaha, kupita Mlandizi hadi Chalinze, ni saa za simu. Mtandao uko vizuri, ofisi zinafunguliwa, na bosi anapigiwa na kila mtu. Kazi yako hapa ni kutosikia, nayo ina ufundi wake. Angalia nje. Usitikise kichwa kukubaliana na hoja aliyomwambia mtu wa upande wa pili, wala usicheke utani ambao hukutaniwa wewe. Akizungumza na mwenzi wake, au na mtoto anayedai ada, jifanye umelala. Na ukisikia jina la mwenzako likitajwa kwenye habari za uhamisho, hilo lifie ndani ya gari. Likitangulia kufika ofisini kabla yenu, bosi hatahitaji kufanya uchunguzi. Mlikuwa watatu tu. Simu zako wewe ziwe fupi. Mama akipiga, "Shikamoo Mama, niko safarini na bosi, nitakupigia jioni" inatosha, naye ataelewa kuliko mtu yeyote.

Supu ya asubuhi huwa Chalinze au Morogoro. Ruhusu bosi aagize kwanza, halafu wewe agiza kitu cha kiasi hicho au chini yake. Kama yeye amechukua chai na chapati mbili, huu si wakati wa kugundua kwamba unapenda kuku wa kienyeji mzima. Kwenye kulipa, desturi yetu inamwangukia mkubwa, lakini usikae kama ndege anayesubiri kulishwa. Peleka mkono mfukoni, akikataa shukuru mara moja na yaishe. Chai ya jioni au maji ya njiani unaweza kulipia wewe, pamoja na ya dereva. Na tafadhali, posho isizungumzwe mezani. Kama masurufu hayajaingia kwenye akaunti, hilo lilikuwa la kuulizwa kwa mhasibu kabla ya safari.

Baada ya Morogoro watu wameshiba na redio inawashwa. Muziki ni wa bosi, halafu wa dereva, halafu wako. Usiombe kuunganisha simu yako na spika za gari hata kama una orodha nzuri kiasi gani, maana singeli ya kwanza itakuumbua. Kama bosi ni wa enzi za dansi, Morogoro wenyewe unakupa mlango wa kuingilia: ni mji wa Salum Abdallah na Cuban Marimba, na wa Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz. Uliza tu, "Hivi bosi, hizi bendi mlizikuta?" na kaa kitako. Mtu wa rika hilo anaweza kukupeleka na Mbaraka hadi Doma. Usiongeze tu kwamba wanamuziki hao wawili walikufa kwa ajali za gari, mmoja mwaka 1965 na mwingine 1979. Ni kweli, lakini mko barabarani.

Mpira nao unafaa kwa tahadhari. Yanga imekuwepo tangu 1935 na Simba tangu 1936, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyemshinda bosi wake kwa hoja. Kama mko timu moja, mmepata saa nzima. Kama mko tofauti, mwachie atanie yeye, wewe jibu kidogo na ucheke. Siku inayofuata watani wa jadi kukutana, subiri aanze mwenyewe, hasa kama ni yeye aliyefungwa.

Sasa jambo ambalo watu huona haya kuliuliza: kuchimba dawa. Barabara kuu inakatiza Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa takriban kilomita 50, na humo hairuhusiwi kushuka garini ovyo. Mwendo nao umepunguzwa kwa sababu ya wanyama. Kwa hiyo ukiwa Doma au kabla yake, na unahisi dalili hata kidogo, sema. Usimwambie bosi, mwambie dereva: "Mzee, tukipata sehemu nzuri tuchimbe dawa." Mara tisa kati ya kumi bosi alikuwa anasubiri mtu mwingine aseme. Kama bosi ni mama, au kama wewe ni mwanamke, kituo cha mafuta chenye choo ndicho cha kutafutwa, na dereva mzuri anavijua vyote. Anayebana kwa heshima kutoka Morogoro hadi Mikumi mjini hatasikia neno lolote analoambiwa, hata kama ni habari ya kupandishwa cheo.

Ndani ya hifadhi maongezi yanajileta. Twiga akisimama pembeni, hata bosi aliyekuwa amenuna tangu Kibaha atainua kichwa. Nyani kandokando ya lami, pundamilia, na ukibahatika tembo. Hapa vyeo hulegea kidogo, watu wanaonyeshana kwa vidole. Utumie wakati huo kwa maswali mepesi: amepita hapa mara ya kwanza lini, barabara ilikuwaje, kijijini kwao kulikuwa na wanyama gani. Watu wazima wengi wanapenda kuulizwa walikotoka kuliko kuulizwa wanakokwenda. Sikiliza jibu mpaka mwisho. Kosa la vijana ni kuuliza, kisha katikati ya jibu wakaingiza "hata mimi kwetu."

Ukipita Mikumi mjini unaingia bonde la mibuyu, mto Ruaha Mkuu uko karibu, na vitunguu vya Ruaha Mbuyuni vimepangwa kando ya barabara. Utatamani kusimama. Acha. Vitunguu vinanunuliwa wakati wa kurudi, kama nyanya za Ilula na mchele wa Igurusi. Wakati wa kwenda bosi ana kikao kichwani, na hakuna kinachomuudhi kama kukaa kwenye jua akikungoja upunguziwe shilingi elfu mbili. Wakati wa kurudi yeye mwenyewe ndiye atakayesema simama, na nafasi nyuma ya gari hugawanywa kwa ukubwa. Gunia lake linaingia kwanza.

Halafu Kitonga. Huu mlima si mahali pa stori. Kona zimebana, malori ya mizigo ya Zambia na Kongo yanapanda kama yanafikiri, mengine yanashuka breki zikinuka. Dereva anahitaji masikio yake. Punguza redio bila kuambiwa, weka simu chini, na mkikuta foleni kwa sababu lori limelala katikati ya barabara, usianze kulalamikia nchi. Kuna watu ambao foleni ya Kitonga imewafanya wahutubie, na bosi akawa anawajua kwa siasa zao kuanzia siku hiyo.

Mkishapanda, kuelekea Iringa kuna Lugalo, na hapo una kitu cha kusema ukitaka. Tarehe 17 Agosti 1891 wapiganaji wa Mkwawa, chifu wa Wahehe, walikivamia hapo kikosi cha Wajerumani na kumuua kamanda wao, Emil von Zelewski. Mkwawa mwenyewe alijiua mwaka 1898 ili asikamatwe, na fuvu lake lililochukuliwa na Wajerumani halikurudi Kalenga hadi mwaka 1954, ingawa suala lake liliandikwa hata kwenye Mkataba wa Versailles wa 1919. Hii ni habari inayojaza kilomita nyingi bila kumgusa mtu yeyote aliye hai. Lakini chunguza kwanza: kama bosi ni Mhehe, usimfundishe, muulize. Kama ni Mngoni, utaona utani unaanza wenyewe, kwa maana makabila hayo mawili yalipigana karne ya 19 na leo yanataniana. Utani wa kabila ni mali kubwa safarini, ila na bosi uufungue yeye. Wewe usiwe wa kwanza kumtania mtu anayekusainia fomu ya tathmini.

Baada ya chakula cha mchana Iringa, usingizi unashuka. Bosi akilala, redio chini, kioo juu, na mtu asimwamshe kumwonyesha chochote. Akikoroma, hukusikia.

Akiamka, mara nyingi mahali fulani karibu na Mafinga, ndipo lile swali linapokuja. Linakuja kwa sauti ya kawaida kabisa, anaangalia misitu ya Sao Hill: "Hivi huko idarani kwenu mambo yakoje?" Hapa ndipo safari inapopimwa, na ningependa ukae nalo kabla ya kuondoka Dar. Swali hilo lina mitego miwili. Wa kwanza ni kujibu "mazuri tu, bosi", jibu ambalo linamwambia kwamba huna macho au unamwogopa. Wa pili ni kufungua mfuko wote: nani anachelewa, nani anatumia gari la ofisi kubebea mkaa, nani haelewani na nani. Bosi atakusikiliza kwa makini, atakushukuru, na kuanzia hapo atajua kwamba na wewe ukikaa na mtu mwingine gari moja utamsema yeye. Naye dereva amesikia yote.

Jibu linalofaa liko kwenye kazi, si kwenye watu. Sema printa ni moja kwa watu wengi na foleni yake inakula asubuhi. Sema ripoti za wilaya zinachelewa kwa sababu fomu ilibadilishwa bila mafunzo. Akikubana akitaka majina, "Bosi, hilo nadhani mkuu wa idara atakueleza vizuri kuliko mimi" si uoga, na wakubwa wengi huliheshimu. Kama una wazo lako zuri, hapa pana nafasi yake, wazo moja, kwa dakika mbili. Akiuliza zaidi, endelea. Akisema "mh" na kuchukua simu, limeingia, usilirudie.

Lakini maombi binafsi yaache. Mkopo, likizo, uhamisho wa kumfuata mwenzi, cheo: mtu aliyefungwa mkanda kwenye siti hana pa kukukimbilia, na anajua kwamba unajua. Atakwambia "tutaona" ili kilomita zilizobaki zipite salama, na neno hilo litakuganda ofisini miezi mingi.

Niseme na dada zangu moja kwa moja. Mwanamke kijana anayesafiri na bosi wa kiume ana mambo ya ziada ya kupanga, na si kosa lake kuyapanga. Jua kabla ya kuondoka utalala wapi, na chumba chako kiwekwe kwa jina lako. Mwachie mtu nyumbani ratiba na namba ya gari. Mazungumzo yakianza kuegemea mwili wako, mavazi yako au ndoa yako, jibu kwa sauti ambayo dereva ataisikia: "Bosi, hayo tuyaache." Huna haja ya kucheka ili kulainisha. Na akikuwekea cheo, posho au mkataba kama bei ya kitu kingine, hiyo ni rushwa ya ngono, kosa chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. TAKUKURU wanapokea taarifa kwa namba 113. Wakaka nao wajue kuwa kukaa kimya nyuma ya gari huku mwenzao akisumbuliwa hakuingii kwenye heshima kwa mkubwa.

Kutoka Mafinga hadi Makambako na kuendelea Igawa, jua linashuka na hakuna aliyebaki na neno. Hapa ndipo mchezo wa namba za magari unapofaa, kama bosi ana moyo wa kucheza. SM ni serikali za mitaa, SU shirika la umma, DFP mradi wa wafadhili. Kila moja ina hadithi ya nani anaenda wapi na kwa posho ya nani. Au tafuta namba za T ambazo herufi zake bado zinaanza na A, gari lililosajiliwa miaka ya mwanzo ya 2000 na bado linapandisha mlima likitoa moshi. Makambako pia mnakutana na reli ya TAZARA, iliyojengwa na Wachina pamoja na Watanzania na Wazambia kati ya 1970 na 1975, na karibu kila mtu mzima ana ndugu aliyefanya kazi huko au aliyewahi kulala stesheni akisubiri treni. Uliza. Usipopata jibu, tulia, mmebakiwa na Chimala, Igurusi na giza.

Mkifika Mbeya, shuka uchukue begi lako mwenyewe. Usijialike chakula cha jioni cha bosi. Amekuona tangu alfajiri na anastahili kula akiangalia ukuta. Akikualika, nenda, kula, aga mapema. Rudi kwa dereva umuulize kesho mnaondoka hotelini saa ngapi, na kama gari linahitaji kuoshwa umchangie ya sabuni.